Udongo wa Magadi na Hatari ya Kuuosha kwa Maji Matupu

Ripoti iliyotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwezi Desemba 2024 ilikadiria kuwa takriban hekta bilioni 1.4 za ardhi, yaani zaidi kidogo ya asilimia 10 ya nchi kavu yote duniani, zimeathiriwa na chumvi, na kwamba nchi kumi tu, zikiwamo Australia, Argentina, Kazakhstan na Sudan, ndizo zenye asilimia 70 ya eneo hilo. Tanzania na Kenya hazimo katika orodha hiyo, lakini tatizo lenyewe limo mashambani mwake, hasa katika skimu za umwagiliaji za maeneo makavu ya Bonde la Ufa na ya tambarare zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro.

Udongo unaomsumbua mkulima ni wa aina nyingi. Upo udongo wenye asidi wa nyanda za juu zenye mvua nyingi, ambamo alumini na chuma huiteka fosforasi isiifikie mimea; upo udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka nyufa kiangazi; na upo udongo wa mikoko, ambao baadhi yake ukikaushwa ili ulimwe huzalisha asidi ya salfa. Hakuna hata mmoja, hata hivyo, wenye hila kama udongo wa magadi.

Inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Udongo wa chumvi ni ule wenye wingi wa chumvi zilizoyeyuka, ambazo huuzuia mzizi usinyonye maji hata pale yanapokuwapo. Udongo wa magadi ni ule ambao sodiamu imeshika zaidi ya asilimia 15 ya nafasi zilizo juu ya chembe za mfinyanzi, na pH yake kwa kawaida huzidi 8.5. Wa kwanza huudhuru mmea, ilhali wa pili huuvunja udongo wenyewe.

Chembe za mfinyanzi ni vibamba vyembamba mno vyenye chaji hasi, na kwa hiyo hufukuzana, kama majahazi yaliyoegeshwa bandarini ambayo kila wimbi huyasukuma mbali. Kalsiamu, yenye chaji chanya mbili, ni kamba fupi inayoyafunga ubavu kwa ubavu, hata yakawa mafungu yenye njia pana katikati, ambamo maji na hewa hupita. Sodiamu ina chaji moja tu, tena hujizungushia maji mengi kulingana na chaji hiyo ndogo, hivyo ni kamba ndefu na legevu. Ikichukua nafasi ya kalsiamu, majahazi huachana, huelea kila moja kivyake, kisha hukokotwa na mkondo hadi mlangoni mwa bandari na kuuziba. Ndivyo matundu ya udongo yanavyozibwa, maji yakatuama juu, na uso ukakauka kuwa gamba ambalo mche hushindwa kulitoboa.

Ajabu ni kwamba chumvi nyingi huuficha ugonjwa huu, kwa sababu maji yenye chumvi hupunguza nguvu ya kufukuzana. Mkulima anapoliosha shamba kwa maji safi ili kuondoa chumvi, chumvi huondoka, sodiamu hubaki, na udongo uliokuwa ukipitisha maji huziba.

Sodiamu huweza kuletwa na maji ya umwagiliaji yenyewe. Maji yenye bikaboneti nyingi, ambayo hupatikana katika maeneo ya miamba ya volkano, yakikaukia shambani huigeuza kalsiamu kuwa chokaa isiyoyeyuka kwa urahisi, na sodiamu ikabaki kutawala. Pasipo mifereji ya kutolea maji, kiwango cha maji ya ardhini hupanda na kuongeza madhara.

Dawa yake ni jasi, ambayo huyeyuka taratibu na kutoa kalsiamu ya kuing'oa sodiamu, na hapo ndipo kuosha kunapofaa, mradi pawepo mfereji wa kuyatoa maji hayo. Jasi huchimbwa Makanya, wilayani Same, katika mkoa wa Kilimanjaro, ingawa gharama ya kuisafirisha na kuisambaza si ndogo. Kwa hiyo skimu yoyote ya umwagiliaji katika maeneo makavu inapaswa kupima sodiamu ya udongo na ya maji kabla ya kufungua mfereji, kwa kuwa kuzuia ni nafuu kuliko kuponya.