Miguu Iliyofungwa

Labda umemwona mama aliyelala mzima, na asubuhi alipotaka kusimama miguu ikamkataa. Hana homa, wala mgongo haumwumi. Miguu yote miwili imekazana, na akijaribu kwenda magoti yanagongana. Jirani wananong'ona kwamba amekanyaga dawa ya adui. Usilipokee neno hilo nyumbani mwako.

Huko Ulaya kuna ugonjwa uitwao sklerosi. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupiga vijidudu, huasi na kuharibu utando wa mishipa ya fahamu. Ugonjwa huja, hupungua, kisha mara nyingi hurudi. Wa huyu mama si huo. Huu huja mara moja, haurudi nyuma wala hauzidi, na miguu haiponi kabisa. Jina lake ni konzo, neno la Wayaka wa Kwango, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika Msumbiji. Mwaka 1985 ulitokea Tarime, Tanzania, na kati ya madaktari walioupeleleza alikuwamo Brubaker wa hospitali ya Wamenoni ya Shirati. Mwaka 2011 iliandikwa habari ya jirani zetu wa Burhinyi, Mwenga.

Kila mahali walikuta jambo moja: muhogo mchungu. Ndani yake mna sumu ya sianidi. Mama zetu waijua dawa yake tangu zamani, yaani kuloweka siku 3 au 4 na kuanika vizuri. Lakini vita ikija, au njaa, siku 3 huwa 1. Tusimlaumu mama kwa hayo, watoto wanalia. Tena mwili huivunja sumu hiyo kwa nguvu ya maharagwe, samaki na nyama, na wakati wa njaa hivyo ndivyo vinavyokosekana. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliokwisha kuacha ziwa na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Kama huna hakika ya unga wako, fanya hivi. Uchanganye na maji mpaka uwe mzito, uutandaze mwembamba juu ya mkeka, usifike unene wa kidole. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Sumu hutoka kama hewa. Kisha pika ugali siku ile ile, usiuweke unga huo. Bwana Bradbury wa Australia alifundisha njia hiyo, na huko Popokabaka, katika kijiji walichoifuata, hakupatikana mgonjwa mpya. Ongeza ndagala au maharagwe, hata kidogo.

Lakini mgonjwa akiumwa mgongo, akidhoofika polepole, au mkojo ukizuilika, usiseme ni konzo. Huenda ni kifua kikuu cha mgongo, nacho kina dawa. Mleteni hospitali upesi, hata kwa machela.