Bubu wa Kwenye Muvi

Jioni ukipita Dutwa, kando ya lami inayotoka Lamadi kwenda Bariadi, sauti ya DJ hukufikia kabla hujakiona kibanda umiza chenyewe. Spika imewekwa mlangoni kuita watu. Ndani kuna mabenchi, runinga moja, joto, na muvi ya Kichina au ya Kihindi iliyotiwa Kiswahili na mtu mmoja anayesimulia, anayetania, na kuwasemea wahusika wote peke yake. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ni mmoja wa walioijenga kazi hii nchini, na mimi naiita sanaa bila kusita, maana imewafungulia filamu za dunia watu wasio na Kiingereza wala Kihindi. DJ mzuri ana majina yake. Kuna steringi, kuna adui, kuna bosi wa adui. Na akitokea mhusika asiyesikia, jina lake halitafutwi: bubu.

Hapo mabenchi yote hucheka. Bubu anaulizwa njia, anaonyesha juu. Bubu anatumwa maji, analeta kuku. DJ humtilia sauti ya kukoroma kooni, na watoto hutoka nayo nje wakiigiza mpaka nyumbani.

Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Kazi yangu hunikutanisha na viziwi polisi, mahakamani, kliniki ya wajawazito, na mara nyingi nikifika nakuta yule bubu wa kwenye muvi amenitangulia. Muuguzi anamhoji shangazi aliyesindikiza, wakati mgonjwa mwenyewe kakaa mbele yake na macho yake mawili. Askari ananiuliza pembeni kama akili za mlalamikaji zimetimia. Hawa si watu wabaya. Wamefundishwa, na kilichowafundisha ni vichekesho, kwa sababu vijijini kwetu mtu anaweza kuzeeka bila kukaa hata siku moja na kiziwi anayejua lugha ya alama. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata 1974. Kwa mzazi wa Dutwa zote mbili ni safari ya kuuza ng'ombe. Kibanda kiko hapo hapo senta.

Nianze na mwili, maana kosa la kwanza la yule bubu ni la kitaalamu. Kwa viziwi wengi kilichoharibika ni sikio la ndani. Humo mna kiungo kidogo kilichojiviringa mfano wa konokono, chenye seli za vinyweleo zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuugeuza kuwa ishara inayosafiri kwenye mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo. Seli hizo zikifa, hazioti nyingine. Huweza kuuawa na homa ya uti wa mgongo, na surua, na hata na dawa kali kama streptomaisini na jentamaisini. Rubela ya mama mjamzito humfikia mtoto tumboni, ndiyo maana chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2014, huhesabiwa pia kuwa kinga ya masikio. Koo halimo kabisa katika habari hii. Zoloto ya kiziwi ni nzima na nyuzi zake za sauti ni nzima. Analia, anacheka, anaita. Anachokosa ni kuisikia sauti yake mwenyewe ili airekebishe, na mtoto hujifunza kusema kwa kujisikiliza.

Mwaka 1991 watafiti Laura-Ann Petitto na Paula Marentette wa Kanada walichapisha jambo ambalo mpaka leo nikilieleza kwa wazazi hunyamaza kidogo. Mtoto anayesikia, kabla ya kutimiza mwaka, hucheza na sauti: ba-ba-ba, da-da-da. Watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi walifanya mchezo uleule kwa vidole, wakirudiarudia vipande vya alama visivyo na maana bado. Ubongo unatafuta lugha, na haujali sana kama itapitia mdomoni au mikononi. Neno "bubu" linapodai kwamba mtu hana lugha, linadai jambo la uongo.

Ajabu ni kwamba filamu nyingine zenyewe zinajua hili kuliko anayezisimulia. Katika *Crippled Avengers*, ya Shaw Brothers iliyoongozwa na Chang Cheh mwaka 1978, mhunzi mmoja anafanywa asisikie wala asiseme. Maadui inawalazimu wamdhuru mara mbili: wamnyweshe kitu cha kumuunguza koo, kisha wampige masikio. Madhara mawili, kwa sababu ni viungo viwili. Tena mhunzi huyo ni shujaa, anapigana hadi mwisho. Ukimwita bubu na kumkoromea, umemnyang'anya ushujaa ambao mtunzi wa Hong Kong alimpa. Kwa upande wa India, mhusika Lucky wa *Golmaal*, aliyeigizwa na Tusshar Kapoor kuanzia mwaka 2006, anasikia vizuri ila hasemi, na kichekesho chake karibu chote ni ile milio yake. Watazamaji wetu humweka kapu moja na viziwi. Lakini India hiyohiyo ilishatoa *Koshish* mwaka 1972, ambamo Gulzar alionyesha mume na mke viziwi wakipendana, wakizaa, wakifiwa na kulea. Huwezi kusema zama zile hazikujua. Waliotaka kujua walijua.

Sasa niwaeleze nilichokiona katika kata hiyohiyo ya Dutwa. Mama mmoja alinisogezea mwanawe wa miaka kama tisa akasema, "Mwalimu, huyu ni bubu, hana maneno." Nikamwuliza mtoto kwa mikono na kwa uso: jana kulikuwa na nini? Akaweka vidole viwili kichwani, pembe. Ng'ombe akamweka kushoto kwake, hewani, palepale. Upande wa kulia akachuma-chuma kwa ncha za vidole, namna pamba inavyochumwa kutoka kwenye tumba lake, akatandaza mkono kuonyesha shamba. Kisha akalaza shavu kwenye kiganja, akafumba macho. Mkono wa kushoto ukaondoka taratibu, ukavuka kifua chake, ukaingia kulia. Akafumbua macho. Akatoa uso wa mtu mzima mwenye hasira.

Nikamgeukia mama. "Mama, amesema nini?"

"Si alisinzia malishoni, ng'ombe wakaingia kwenye pamba ya jirani! Baba yake alifoka kweli."

Alikuwa ameelewa kila kitu, na huo uelewa hakuwahi kuuhesabu kuwa ni maneno. Mtaalamu wa isimu angeona pale jambo jingine: mtoto aliwapa ng'ombe na shamba nafasi zao angani, akazishika nafasi hizo hadi mwisho wa habari. Kuwapanga wahusika angani namna hiyo ni sehemu ya sarufi ya lugha nyingi za alama duniani. Hata hivyo alama za nyumbani hazitoshi. Ni chache, zinaishia uani, na mtoto anayekaa nazo bila kukutana na viziwi wenzake hukua na njaa ya lugha ambayo baadaye ni vigumu kuishibisha. Ili ziwe lugha kamili zinahitaji watu wa kuzungumza nazo. Kwetu lugha kamili ya namna hiyo ni Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT, ambayo Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliitengenezea kamusi mwaka 2004. Mama anayeamini mwanawe ni bubu haoni sababu ya kumtafutia shule. Hilo ndilo linalonikera katika vichekesho hivi kuliko matusi yenyewe.

Tuwaite nani, basi? Wenyewe wameshajibu. Chama chao kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, na neno kiziwi wamelibeba mbele ya jina lao. Hawakulionea haya. Nasikia waandishi wakizunguka na "mwenye changamoto ya usikivu", wakidhani wanastahi. Viziwi ninaofanya nao kazi hawaombi hilo. Wanaomba neno bubu liwatoke watu mdomoni. Angalieni tunavyolitumia kwingine: bandari bubu ni ya magendo, gereji bubu haina leseni, baa bubu inafichwa na polisi wakija watu wanaruka ukuta. Ndilo neno hilohilo analoitwa mtoto wa darasa la pili.

Lakini kubadili neno peke yake hakutoshi. Ukimwita "kiziwi" kwa adabu zote halafu ukaacha atumwe maji alete kuku, hujafanya kitu.

Watu wa Kanda ya Ziwa hawana haja ya kuambiwa kwamba maneno hubadilika. Miaka ya 2007 na 2008, mauaji ya watu wenye ualbino yalipotikisa Mwanza na Shinyanga, wakati Bariadi bado ni wilaya ya Shinyanga, redio, serikali na vyama vililiacha neno zeruzeru. Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, akateuliwa mbunge mwaka 2008. Leo mtangazaji akilitamka lile neno hewani hushangaza watu. Neno hilo lilisukumwa na damu. La viziwi halina haja ya kungoja msiba.

Na asije mtu akanijibu kwamba utani ndiyo mila yetu. Naijua mila hiyo. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanapokutana baada ya mavuno, ngoma mbili huchezwa kwa wakati mmoja, kila upande unavuta umati kwake, na manju hutunga nyimbo za kumchambua mpinzani bila huruma. Ni sanaa kali na ninaipenda. Ila ina haki ndani yake: anayeimbwa amesikia, yupo uwanjani, na ana wimbo wake wa kujibu. Kiziwi aliyekaa benchi la mbele kibandani anaona watu wanageuka kumtazama na kucheka. Hajui kilichosemwa, wala hakuna anayemngoja ajibu. Mshairi wa Kisukuma aliyezoea kushindana angeona aibu kushinda namna hiyo.

Kwa DJ nina neno la mtu wa kazi moja, kwa sababu na mimi natafsiri. Mikono ya mhusika ina maneno, kama Kichina kilivyo na maneno. Ukikosa kuyajua, mhusika mwenzake huwa anayajibu, au maandishi yanapita chini ya picha, yasimulie hayo. Wanaotengeneza filamu zetu wenyewe wana kazi kubwa zaidi kidogo. Mwaka 2014 Wafaransa walitoa *La Famille Bélier*, wazazi viziwi wakaigizwa na watu wanaosikia, viziwi wa huko wakalalamika. Hadithi hiyo Marekani iliifanya upya kwa jina la *CODA* mwaka 2021, ikawapa nafasi hizo viziwi kina Troy Kotsur na Marlee Matlin. Ikachukua Oscar ya filamu bora, na Kotsur akachukua yake. Viziwi wa kusimama mbele ya kamera tunao: Oktoba 2022, Dar es Salaam, Hadija Kanyama wa Tanzania alitwaa taji la Miss Deaf Africa jukwaani, mbele ya kamera, na hakuna aliyemwona hana la kusema.

Kinachohitajika kwenye seti si kikubwa. Mkalimani alipwe kama anavyolipwa mpiga picha, aanze kwenye mazoezi na asiitwe siku ya kurekodi tu. Mwigizaji apewe mswada mapema, kisha aachwe arekebishe mwenyewe namna kiziwi anavyobisha hodi, anavyoita mtoto aliye mbali, anavyogombana na mkewe gizani taa ikizimika. Hayo mwandishi anayesikia huyakosea. Mwongozaji atoe ishara ya kuanza kwa mkono au kwa taa. Na wahusika wakizungumza kwa LAT, kamera isikate mikono.