Malagarasi na mipaka ya Buha

Mto Malagarasi una mwendo wa ajabu. Chimbuko lake liko kwenye vilima vya mpakani na Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika, lakini maji hayaelekei huko. Yanakwenda kaskazini mashariki kama kilomita 80, yakitenganisha Tanzania na Burundi, kisha yanageukia kusini mashariki hadi kwenye vinamasi. Huko yanapokea Mto Moyowosi, na ndipo yanaelekea magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani. Jumla ni kilomita zipatazo 475. Anayesafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo lazima auvuke.

Waha wa zamani, wenyeji wa nchi hii, hawakuwa na dola moja. Himaya za Heru, Muhambwe na Buyungu kila moja ilikuwa na mwami (mfalme) wake, na chini yake watwale (machifu wadogo). Wajerumani waliitawala Buha, yaani nchi ya Waha, kutoka Ujiji. Mwaka 1916 wakaingia Wabelgiji, ambao mwaka 1921 waliikabidhi kwa Waingereza, na Buha ikabaki Tanganyika huku ndugu za Waha walioko Burundi wakibaki ng'ambo.

Kwa maoni yangu, kilichobadilisha sura ya nchi hii kuliko makabidhiano hayo ni mbung'o. Katika miaka ya 1930, kwa kuogopa malale yanayoenezwa na mbung'o, serikali ya kikoloni ilikusanya watu kwenye makazi ya pamoja, hasa upande wa Kibondo. Mashamba waliyoyaacha yakarudi kuwa pori. Operesheni Kigoma ya 1972 ikawahamisha watu tena, safari hii kwenye vijiji vya ujamaa. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba mapori ya huku "hayajawahi kuwa na watu", tuulize kwanza nani aliwaondoa. Baadaye kambi za wakimbizi kama Nduta na Mtendeli zilipata nafasi katika eneo hilihili.

Mipaka nayo iliendelea kubadilika: mwaka 2012 Wilaya ya Kakonko ilimegwa kutoka Wilaya ya Kibondo. Mkazi wa kata ya Kasanda akajikuta katika wilaya nyingine bila kuhamisha hata chungu. Lakini mstari wenyewe haukuwa mgeni: kabla ya hapo Kibondo ilikuwa na majimbo mawili ya ubunge, Muhambwe na Buyungu, na Kakonko ndiyo iliyokuwa Buyungu. Utawala wa machifu ulifutwa mara baada ya uhuru, ila majina ya himaya zao yaliendelea kuonekana kwenye karatasi za kura.

Maji ya Malagarasi nayo yana ofisi yake. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao Kigoma, hufuata mkondo wa mto na si mipaka ya wilaya, ingawa mamlaka yake hukomea mpakani na Burundi.