Tairi Jembamba kwenye Barabara ya Fizi

Mtu aliyezoea baiskeli ya usukani ulionyooka, inayomkalisha wima juu ya matairi ya unene wa wastani, akianza kutamani baiskeli ya mashindano, jicho lake hutua kwanza kwenye tairi. Huliona jembamba kama kidole, limejazwa upepo hadi likawa gumu kama ubao, akasadiki kwamba mbio zote zimo humo. Kwa mkazi wa Baraka au wa Fizi, mashariki mwa Kongo, imani hiyo itamgharimu. Baiskeli ile hupata mbio zake hasa kwa namna inavyomwinamisha mpandaji na kwa lami iliyo chini yake. Nayo barabara ya taifa namba 5, inayotoka Uvira ikifuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kupitia Mboko na Nundu hadi Baraka, kisha ikapanda milimani kwenda Fizi, sehemu yake kubwa ni udongo: vumbi na mawe wakati wa kiangazi, tope wakati wa mvua. Anayehama baiskeli ana mengi ya kuchukua kutoka ile ya mashindano. Tairi jembamba halimo.

Tuanze na hesabu, kwa makadirio. Chukua mpandaji na baiskeli yake, jumla kilo 85, mahali tambarare. Wawili wanamrudisha nyuma: hewa anayoipasua na ardhi anayoikanyaga. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo maradufu, hewa inakuzuia mara nne. Nguvu ya ardhi hubaki karibu ile ile, uende polepole au kasi. Kwenye lami nzuri, kwa kilomita 20 kwa saa, ardhi inamvuta kwa nyutoni 4 hivi, na hewa, akiwa ameketi wima, kwa nyutoni 10. Akifika kilomita 30, hewa imepanda hadi 22 na ardhi iko pale pale. Hapo usukani uliopinda chini una thamani kubwa: ukimwinamisha mtu vizuri hupunguza karibu theluthi ya nguvu ya hewa. Sasa mtoe kwenye lami, mweke kwenye udongo wenye kokoto. Ardhi inadai nyutoni 15 badala ya 4. Mwendo wake umeshuka, tuseme kilomita 15 kwa saa, na kwa mwendo huo hewa inadai 6 tu. Mambo yamegeuka: adui mkubwa sasa yuko chini ya gurudumu. Kuinama kutamwokolea nyutoni 2 kati ya 21. Akitaka nafuu kubwa zaidi, lazima aitafute kwenye tairi.

Tairi hula nguvu kwa njia kadhaa. Mpira wenyewe hujikunja unapogusa ardhi na kujikunjua unapoondoka, na kila mkunjo hugeuza nguvu kidogo kuwa joto. Kwenye lami laini kabisa upepo mwingi hupunguza mkunjo, ndiyo maana tairi gumu lilipata sifa. Lakini barabara yenye mawe ina ushuru mwingine. Kila jiwe linaponyanyua gurudumu, baiskeli na mpandaji wake hunyanyuliwa nalo, na nguvu iliyokuwa ya kwenda mbele hupotelea katika mtikisiko wa mikono, mgongo na matumbo. Tairi pana lenye upepo wa wastani hulimeza jiwe, mwili ukaendelea na safari yake. Kwenye udongo laini kuna la tatu, kuzama. Ikiwa gurudumu la nyuma limebeba kilo 45 na upepo wake ni bari 6, linagusa ardhi kwa sentimita 7 za mraba. Kwa bari 3 linagusa kwa karibu 15. Yeyote aliyetembea kwenye mchanga wenye maji wa ufuko wa Baraka anaijua tofauti hiyo kwa nyayo zake: mguu mtupu huacha alama, upondo wa mtumbwi huingia hadi ukakwama.

Haya hayapingani na asili ya tairi. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ili mtoto asitikiswe na barabara mbaya. Faraja ilitangulia; mwaka uliofuata ikaonekana kwamba tairi hilo hushinda pia mashindano. Na sisi tunaoandika kuhusu Kongo hatuwezi kulitaja jambo hili tukapita. Tamaa ya mpira iliyoamshwa na baiskeli za Ulaya na Marekani katika miaka ya 1890 ilishibishwa kwa damu katika misitu ya Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold II. Tairi hilo lina deni katika nchi hii.

Atatokea wa kupinga: mbona mabingwa hutumia matairi membamba? Walitumia. Kwa miaka mingi milimita 23 au chini yake ilikuwa kawaida, kisha wakahamia 25, na leo 28 na 30 zimezoeleka hata kwenye lami safi. Kwenye mawe ya mashindano ya Paris–Roubaix hupanda juu ya 30. Waliobadilika ni watu ambao kila sekunde kwao ni mshahara. Mwingine atasema amejaribu mwenyewe, na tairi gumu alilihisi lina kasi zaidi. Hisia hiyo ni ya kweli, ila inasoma kitu kingine: mwili umezoea kwamba mwendo ukiongezeka mtetemo huongezeka, basi ukitetemeshwa huhesabu kuwa unakimbia. Wa kuaminiwa hapo ni saa.

Kuna pia suala la mlima. Wengi hununua baiskeli ya mashindano kwa wepesi wake, kilo 9 badala ya 13. Katika kilo 85 tofauti hiyo ni sehemu ndogo, chini ya asilimia 5. Gia zina umuhimu mkubwa zaidi kuliko wepesi huo. Gia nyepesi ya baiskeli ya mashindano, meno 34 mbele na 28 nyuma, husogeza baiskeli mita 2.5 kwa kila mzunguko wa pedali; ile ya baiskeli yake ya usukani ulionyooka, 28 mbele na 34 nyuma, mita 1.7 tu. Kwenye mwinuko wa udongo wa asilimia 8, kwa mizunguko 60 kwa dakika, ya kwanza inadai wati 200 na zaidi, ya pili kama 140. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanariadha, ataimudu ya pili kwa muda. Ya kwanza itamteremsha njiani kabla hajaiona Fizi.

Kabla pesa haijatoka mfukoni, yafaa kupima nafasi iliyo kati ya miguu ya foki na tairi. Baiskeli nyingi za mashindano za zamani hazipokei zaidi ya milimita 28, na hizo ni za kuachwa. Inayopokea 38 au 40 itaweza kupita njia hii. Pia tahadhari na neno "inchi 28". Baiskeli nzito za mizigo zina rimu ya kipenyo cha milimita 635, ya mashindano ni 622, na zote mbili huitwa 28. Tairi la moja halikai kwenye nyingine, hata fundi awe hodari vipi.

Lami ikija, je? Ije, tena upesi. Tairi la milimita 38 lisilo na vigingi vikubwa litakimbia vizuri juu yake. Na wanaobeba mihogo, mawese na ndagala kwa kinga, kama wengi wanavyoiita baiskeli, wasione makala haya ni ya wenye kutafuta mbio tu. Kwa aliyefunga kilo 80 kwenye karia, kilo 4 za tofauti ya baiskeli ni kidogo sana. Gia nyepesi na tairi pana ndivyo vitakavyomwacha juu ya kiti pale ambapo leo hushuka na kusukuma.