Jicho pia linafundishwa

Jaribuni jambo hili leo nyumbani. Funga jicho moja, nyoosha mikono, halafu urudishe kalamu ndani ya kifuniko chake kwa haraka. Wengi watakosa. Fungua macho yote mawili: kazi inakuwa nyepesi.

Sababu ni kwamba macho yetu yametengana karibu sentimeta 6. Kila jicho linaona kitu kwa upande wake, na ubongo unaunganisha picha hizo mbili ili kujua kitu kiko mbali kiasi gani. Mtoto hazaliwi na ujuzi huo. Unaanza kuonekana karibu na mwezi wa 4.

Kwa vitu vya mbali sana, ubongo unategemea mazoea. Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti wa Ituri, aliandika mwaka 1961 juu ya rafiki yake Kenge, aliyekulia msituni, ambako miti inazuia kuona mbali. Siku alipofika kwenye uwanda wazi na kuona nyati kule mbali, aliuliza wale ni wadudu gani. Macho yake yalikuwa mazima. Hayakuwa tu yamezoea umbali ule.

Watoto wetu nao wangali wanajifunza. Pikipiki ikiwa mbali, mtoto anaiona ndogo, hajui inakimbia namna gani. Basi tumshike mkono barabarani.

Kuna jambo lililo zito zaidi. Jicho moja likiwa dhaifu, au likiwa na makengeza, ubongo unazoea kuliacha na kutumia lile lingine tu. Mtoto halalamiki, kwa sababu hajui kuona kwa namna nyingine. Mfunike jicho moja akicheza, kisha lingine. Kama anakataa kila mara unapofunika jicho lilelile, au kama makengeza yanaendelea baada ya mwezi wa 4, mpeleke kwa munganga wa macho. Si uchawi, na usingoje yapone yenyewe.

Mara nyingi munganga anatoa miwani, au anaagiza jicho lenye nguvu lifunikwe saa fulani kila siku, ili lile dhaifu lifanye kazi. Matibabu hayo yanafaulu zaidi kabla ya miaka 7.

Pesa ya masomo tunaitafuta mapema. Tutafute pia siku moja ya kupimisha macho ya mtoto kabla hajaingia mwaka wa kwanza.