Supu ya mifupa haitoshi, mpe mtoto omena

Miguu ya mtoto ikianza kupinda, wapo watu Meru na Embu watakaomwambia mama achemshe mifupa ya mbuzi ampe supu. Samaki hakumbukwi, na mifupa yake hutupiwa paka. Je, ushauri huo ni sawa?

Mfupa wa mbuzi na wa samaki umejengwa kwa vitu vile vile: madini ya kalsiamu na fosforasi yaliyoshikana, pamoja na nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Mfupa mkavu wa mbuzi au ng'ombe una madini karibu thuluthi mbili ya uzito wake. Wa samaki, kwa kawaida, huwa na pungufu kidogo, lakini katika yote kalsiamu ni takriban mara mbili ya fosforasi. Unaweza kujionea jikoni. Loweka mfupa mwembamba, hata wa kuku, ndani ya siki kwa siku kadhaa. Siki huyeyusha madini, na mfupa hupindika kama mpira. Choma mwingine mpaka uwe mweupe, nao utavunjika ukiuminya kwa sababu protini imeungua.

Tofauti kubwa ni matumizi. Kwa mbuzi, kama kwetu sisi, mfupa ni akiba: damu ikipungukiwa na kalsiamu, mwili huichota huko. Samaki anaishi ndani ya maji yenye kalsiamu na huifyonza kwa matamvua yake. Mfupa wa tilapia, kama wale wanaovuliwa katika bwawa la Masinga, hauna hata seli hai ndani yake. Wa kambare unazo.

Sasa turudi kwenye sufuria. Maji ya moto hutoa kolajeni, ndiyo maana supu ikipoa huganda. Madini, karibu yote, hubaki mfupani. Kuongeza ndimu husaidia kidogo tu.

Mwaka 2009 serikali ilianza kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, yakiwemo ya Meru na Embu, na tilapia akaingia katika nyumba ambazo hazikumzoea. Ni chakula kizuri cha protini. Lakini tukila minofu na kutupa mifupa, kalsiamu huishia jaani. Omena huliwa mzima, mfupa na yote, na hapo ndipo anapomshinda tilapia na mbuzi pia. Kwa mtoto mdogo, mwoshe omena mchanga utoke, umkaange bila mafuta, umtwange awe unga laini, kisha uchanganye katika uji. Maziwa nayo yasisahauliwe: kikombe cha mililita 250 kina miligramu 300 hivi za kalsiamu, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku.

Hata hivyo, matege hayaletwi na upungufu wa kalsiamu peke yake. Mwili unahitaji vitamini D ili uitumie, nayo hutengenezwa ngozini kwa jua. Mtoto anayefungiwa ndani ya nyumba ya kupanga mchana kutwa anaweza kuikosa hata akila vizuri. Ukiona miguu inapinda, mpeleke hospitalini apimwe. Usingoje supu ifanye kazi.