Kana na Fimbo ya Rubani: Kueleza Wenzo kwa Istilahi za Mabaharia wa Pwani ya Wabajuni

Fimbo ya kuongozea ndege katika programu za mwigo wa urubani aghalabu huwa fupi, na baadhi ya watumiaji huirefusha kwa wenzo wa kujiundia. Makala haya yanaeleza kazi ya wenzo huo na kuonyesha kwamba istilahi za kuueleza zimo tayari katika Kiswahili cha ubaharia.

Fimbo huinama juu ya egemeo lililo chini yake. Ikiwa na urefu wa sentimita 10, ncha inaposogea sentimita 1 fimbo huinama takriban nyuzi 6. Ikirefushwa hadi sentimita 20, mwendo uleule huiinamisha nyuzi 3 hivi. Hivyo mkono huweza kusahihisha kidogo kidogo, na nguvu ya kuishinda springi hupungua kwa nusu. Hata hivyo, ncha huhitaji nafasi kubwa zaidi. Fimbo ikifika mwisho wa mwendo wake na mkono ukaendelea kuvuta, kitako hupinduka kwa wepesi, kwa hiyo sharti kibanwe mezani. Nyongeza nzito nayo huizuia fimbo kurudi katikati; bomba jepesi la plastiki hufaa zaidi.

Kanuni hii si ngeni kwa Wabajuni, wavuvi na mabaharia wa Kismayo na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. Kana, yaani mkono wa kugeuzia usukani wa chombo, ni wenzo wa namna hiyohiyo: ikiwa ndefu humpunguzia mshikaji nguvu, lakini humdai nafasi.

Kiswahili kimewahi kuvusha maneno kutoka baharini. Rubani alikuwa mwongozaji wa chombo majini kabla ya kuwa mwendeshaji wa ndege. Usukani nao ulihamia kwenye gari. Kana imebaki baharini, ingawa ingefaa kuitaja nyongeza hii. Kufanana kwake na kiunganishi «kana» si kikwazo, kwa kuwa muktadha huzitenganisha.

Suala hili lina uzito wa kisera. Vita vilivyoanza 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi hadi Kenya na kwingineko. Katiba ya Muda ya Somalia ya 2012 inataja Kisomali na Kiarabu, si Kiswahili. Lakini tangu 2024 Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Mkataba wake unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana.

Inapendekezwa, basi, kwamba vyombo vya istilahi vikusanye msamiati wa vyombo vya baharini kutoka kwa wazee wa Kibajuni kabla ya kubuni maneno mapya. Ukusanyaji ufanyike chombo kikiwa mbele ya msemaji, kwa kuwa jina la kifaa hueleweka barabara pale kazi yake inapoonekana.